Seti ya zamani ya Colt ya kugeuza bastola ya .45 ipige risasi za .22: itumike au ihifadhiwe?

Fundi wa Saa, Mkunazini

Assalamu alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Mimi ni fundi wa saa, na naomba mnistahamilie nikieleza jambo hili kwa macho ya saa, kwa sababu bastola sijapata kuishika maishani na wala sikusudii kuimiliki. Mjomba wangu, aliyehamia Marekani tangu ujanani, alifariki mwaka jana. Miongoni mwa vitu alivyomwachia bintiye, ambaye anaishi Ohio na kwangu mimi ni dada, imo bastola ya kampuni ya Colt ya .45 (namba hizi ni kipenyo cha risasi, takriban, kwa sehemu za inchi), ile ya muundo uliochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, pamoja na kasha jengine dogo ambalo ndani yake mna nusu ya juu ya bastola isiyo na mpini wala triga.

Dada yangu amenipigia picha kila kipande, kwa sababu marehemu alikuwa na mazoea ya kusema kwamba mle kasheni mna kazi ambayo fundi wa saa peke yake ndiye angeipa heshima yake. Nimezipanga picha zile mezani kama ninavyopanga saa niliyoifungua. Ipo slaidi, yaani kile kifuniko cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, iliyoandikwa Colt na kipenyo cha .22 Long Rifle. Upo mtutu mwembamba kuliko nilivyotarajia, zipo springi, bushi ya mdomoni, magazini ndefu na kipande cha chuma chenye kijiti ambacho naambiwa huzuia slaidi. Halafu kipo kijibomba kifupi, kirefu kidogo kuliko pipa la saa ya mkononi lilivyo pana, chenye ukingo upande mmoja, ambacho hakikufungwa na skurubu wala kupigwa ripiti mahali popote, bali kinaingia nyuma ya mtutu na kutoka kwa kidole.

Hicho kijibomba ndicho kilichoninyima usingizi. Katika kazi yangu kipande kisichofungwa ama kina kazi maalumu sana, ama kimevunjika kutoka mahali pake. Naomba mwenye kujua anieleze kazi yake. Pia dada yangu anapenda kwenda uwanja wa shabaha kama alivyokuwa akienda na baba yake, na anauliza kama seti hii bado yafaa kupigwa au umri wake umeshapita. La mwisho, ambalo nalisema kwa haya kidogo, ni kwamba amejitolea kunitumia kasha hilo hapa Unguja liwe kumbukumbu ya mjomba, bila ya bastola yenyewe, na nafsi yangu inavutika kukubali.

Mwana wa Wete

Waalaykumu salaam, fundi. Allah amrehemu mjomba wako. Mimi ni mzaliwa wa Wete ninayeishi Texas, na seti kama hiyo ninayo na ninaipiga, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu juu ya kijibomba, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu.

Anza na risasi yenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, haina fataki, yaani kilipushi kinachowasha baruti, katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo ya .45. Fataki yake imemwagwa ndani ya ukingo wa ganda kuzunguka kitako, na pini ya kugonga huubana ukingo ule mpaka ukalipuka. Kwa sababu hiyo ganda lake ni jembamba na rahisi kutengeneza, na bei yake haikaribiani na ya risasi kubwa. Kichwa cha kawaida cha .45 kina uzito wa gramu 15 hivi, na cha .22 ni gramu 2 na nusu na ushei. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka, mtu aliyetaka kujifunza kulenga kwa bastola nzito aliiona tofauti ile mfukoni kabla ya kuiona kwenye shabaha.

Colt walijibu haja hiyo mwaka 1931 kwa bastola waliyoiita Ace, yenye umbo la ile ya 1911 lakini ikipiga .22. Shida yake ilikuwa nguvu. Slaidi ya chuma ni nzito na risasi ni ndogo, kwa hivyo waliipunguza slaidi wakaifanya nyepesi kadiri walivyoweza, na hata hivyo ilikuwa na ukaidi, ikichagua risasi za kula. Isitoshe, aliyefanya mazoezi kwayo akirudi kwenye .45 alishituka, kwa maana mkono wake haukuwa umezoea lile teke la bastola kurudi nyuma inapopigwa.

Hapo ndipo linapoingia jina la David Marshall Williams wa North Carolina, mtu aliyepata kufungwa jela kwa kesi ya kuuawa kwa afisa wa sheria mwaka 1921 na akaachiwa mwaka 1929, na ambaye sehemu ya fikra zake za bunduki alizianzia humo humo kifungoni. Yeye ndiye aliyebuni kijibomba chako. Kwa Kiingereza jina lake lina maana ya chemba inayoelea, ingawa haielei popote. Mimi huiita chemba telezi. Risasi hukaa ndani ya chemba hiyo, si ndani ya mtutu. Inapolipuka, kichwa cha risasi hutoka chembani na kuingia mtutuni, na gesi ya baruti hupenya kwenye mwanya ulio baina ya uso wa mbele wa chemba na mtutu. Sasa gesi haisukumi kitako kidogo cha ganda peke yake. Inausukuma na uso mzima wa mbele wa chemba, ambao ni mpana zaidi, na chemba inarudi nyuma kwa kasi, hatua ndogo tu, ikiipiga slaidi kama pistoni. Mtu wa pwani ataelewa upesi: upepo ni uleule, ila umeshusha tanga la ngalawa ukapandisha la jahazi. Teke linazidi kwa takriban mara nne, mpaka mkono unadhani umepiga kitu kikubwa.

Bastola yenye chemba hiyo iliitwa Service Model Ace, na mwaka 1938 Colt wakauza seti ya kugeuzia, ambayo ndiyo aina ya ile iliyomo kasheni mwenu, ili mwenye .45 asinunue bastola ya pili. Unaivua slaidi yote ya .45 pamoja na mtutu wake, unaiweka hii juu ya fremu ileile, triga ni ileile, mpini ni uleule, na magazini inabeba risasi 10 badala ya 7. Mtutu wa .45 hujifunga kwenye slaidi kwa meno na kushuka kwa kiungo chake kidogo kila unapopiga, lakini huu wa .22 umetulia pale pale, umeshikwa na kijiti cha kile kizuizi cha slaidi. Walitengeneza hata seti ya kinyume, ya kuigeuza Service Model Ace ipige .45, ambayo ni nadra mno, na ukisikia mtu anaiuza kwa bei rahisi, usimwamini.

Kuhusu kupiga: naam, yafaa, kwa sharti la usafi. Gesi inayofanya kazi ile nzuri ndiyo inayoacha masizi na madini ya risasi kwenye mwanya. Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya, maana risasi ni kitu kinachopigwa na risasi ni madini pia, na katika chemba hii yote mawili ni matatizo. Vikigandamana, chemba haitelezi tena, na slaidi inarudi nusu njia. Mimi huitoa na kuisafisha kwa brashi ya shaba kila nikifika risasi mia, ndani na nje, pamoja na tundu la mtutu inamokaa, kisha naifuta mpaka iwe kavu, kwa kuwa mafuta mengi hugeuka gundi yakichanganyika na masizi. Natumia risasi zenye kichwa cha mviringo kilichopakwa shaba, na zisiwe zile dhaifu za mazoezi ya ndani. Dada asivute triga ikiwa tupu kwa mchezo, kwani pini inapokosa ukingo wa ganda hugonga ukingo wa chemba yenyewe, na alama ndogo hapo inatosha kufanya maganda yakwame.

Swali langu kwako, fundi: katika picha umekiona kipande bapa, chembamba, kinachomsaidia mpigaji kulitupa nje ganda lililokwisha? Hukukitaja. Ni kitupa-ganda, nacho hutoka peke yake unapoifungua seti, na ndicho kipande kinachopotea kuliko vyote. Bila ya hicho bastola itapiga mara moja tu na ganda litabaki ndani.

Mzee wa Michenzani

Nimesoma maelezo ya kijana wa Wete na sina la kuyapinga katika ufundi wake, ila kwenye hukumu yake tunatofautiana. Mimi nilipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, zama ambazo wenzetu wa huko walikuwa wanashiriki kutujengea majumba haya ninamokaa, na baadaye nikaishi upande wa Magharibi, ambako rafiki yangu mmoja alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha. Huko nikaona seti ya kugeuzia ya kampuni ya Erma, ya bastola ya Kijerumani ya Luger P08, ya tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ikiwa ndani ya kasha la mbao lililochongwa mahali pa kila kipande, hata mtu aliyefumba macho angejua kipi hakipo. Wajerumani hawakutumia chemba telezi. Walitia mtutu mwembamba ndani ya mtutu wa milimita 9, wakabadilisha kifundo cha juu kinachokunjika na magazini, na basi. Haikutaka kumdanganya mkono wa mpigaji, ilitaka kumfundisha jicho.

Nalisema hilo kwa sababu sifa ya teke la mara nne si sifa kwa kila mtu. Jeshi lilitaka askari azoee teke. Anayekwenda uwanjani Jumamosi kutoboa karatasi anataka utulivu, na chemba inayogonga slaidi ndani ya mkono wake haimsaidii kutulia. Kwa mazoezi, dada anunue seti mpya. Kampuni kama Kimber na Ciener zimepata kutengeneza zenye slaidi ya aluminiamu, ambayo ni nyepesi kiasi cha kusukumwa na risasi ya .22 bila ya hila yoyote, na hazikusanyi uchafu namna ile. Zikichakaa, atazitupa bila ya machozi. Chemba ya mjomba ikipasuka ukingo, atakayemtengenezea nyengine ni nani? Rafiki yangu yule aliichakaza seti yake kwa fahari ya kuonesha wageni, kisha akazunguka miaka akitafuta kipande kimoja.

Mtakaotaka kusema kwamba chombo kisichotumika hufa, nakubali kwa saa na kwa cherehani. Chuma kilichosafishwa na kupakwa mafuta membamba hakifi kasheni, madamu hakikuhifadhiwa ndani ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kwa hali ya hewa ya kwetu hapa kutu ingekuwa imeshahamia.

Mstaafu, Chake Chake

Wenzangu mmejibu mawili mkaliacha la tatu, nalo ndilo litakalomtia mwenzetu matatani. Kasha lisitumwe Unguja.

Huko Marekani, kwa sheria ya shirikisho ya 1968, kinachohesabiwa silaha ni fremu yenye namba, kwa hivyo slaidi na mtutu huuzwa na kutumwa baina ya majimbo mengi kama vipuri. Watu wa huko wamezoea hivyo hata wakasahau kwamba mpaka wa nchi ni jambo jengine. Kuitoa mitutu na slaidi nje ya Marekani kunasimamiwa na serikali yao kwa vibali, na anayevitia kwenye mzigo wa nguo na viatu bila ya kuuliza anaweza kuwa amevunja sheria kabla ndege haijaruka. Uingereza vipande vinavyobeba nguvu ya mlipuko vinahesabiwa sawa na silaha, na bastola za aina hii, zikiwemo za .22, zilipigwa marufuku kwa sheria mbili za 1997 baada ya mauaji ya shuleni Dunblane, Scotland, ya mwaka uliotangulia. Kwa hivyo hata njia ya kumpitishia jamaa wa London aje nayo isifikiriwe.

Na hapa kwetu, silaha na risasi ni mambo ya leseni na ya Jeshi la Polisi, chombo cha Muungano, na Tanzania ina sheria ya udhibiti wake ya mwaka 2015. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi. Kwenye kioo cha eksirei, slaidi na mtutu ni bastola. Askari hataanza kusikiliza hadithi ya chemba telezi na fremu iliyobaki Ohio, ataanza na pingu, na wala hatakuwa amekosea. Mtu mmoja niliyemshuhudia alizuiliwa kwa sababu ya bastola ya kuchezea ya chuma aliyomletea mwanawe, na alikosa maziko ya mama yake. Picha zinatosha kuwa kumbukumbu.

Fundi wa Saa, Mkunazini

Nawashukuru nyote. La tatu limekwisha. Nimemwambia dada kasha libaki huko huko na bastola yake, na ameahidi kunipigia filamu ya simu chemba ikiingizwa na kutolewa, pamoja na kunipimia unene wake kwa kile kifaa cha mjomba cha kupimia unene. Kwangu hiyo ni kumbukumbu bora kuliko chuma ambacho ningekificha chini ya kitanda.

Kuhusu kitupa-ganda, mwana wa Wete alikuwa sahihi, katika picha hakikuwamo. Dada alipekua kasha mara mbili asikione. Mwishowe nikamwuliza dada marehemu mjomba alikuwa akiweka wapi vitu vidogo, kwa kuwa nakumbuka alipokuja Unguja mara ya mwisho alinisaidia kazi dukani, na kila skurubu aliyoitoa aliitia ndani ya kibweta cha dawa ya meno ya zamani. Kibweta kama hicho kilikuwa kwenye saraka ya meza yake ya kazi, kimo ndani yake kipande bapa cha chuma kilichofungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya mafuta, na springi mbili za akiba. Kitambaa kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu, kwa Kiswahili: "kwanza hiki."

Mzee wa Michenzani, hoja yako imenielemea, lakini uamuzi ni wa mwenye mali. Amesema ataipiga mara chache kwa mwaka na mazoezi ya kawaida ataendelea nayo kwa bastola nyengine ya .22 aliyonayo.

Mwana wa Wete

"Kwanza hiki" ni maneno ya mtu aliyewahi kukisahau. Mwambie dada kabla ya kwenda uwanjani amkabidhi fundi wa bunduki wa huko seti hiyo aikague, hasa springi ya slaidi na ukingo wa chemba. Siku ya kwanza atie risasi mbili mbili tu katika magazini, asijaze kumi, ili ajue mapema kama slaidi inarudi yote. Na avae miwani, kwa sababu mwanya ule wa gesi hutema chembe chembe pembeni.

Fundi wa Saa, Mkunazini

Narudi na habari baada ya wiki tatu. Fundi wa huko alibadilisha springi moja akasema ukingo wa chemba ni mzima. Juzi dada alipiga hamsini za mwanzo bila ya kasoro, akaendelea, na kwenye ya sabini na nne slaidi ikarudi nusu ikasimama. Akatoa magazini, akahakikisha hamna kitu ndani, akaifungua kama alivyofundishwa, na chemba ikawa haitoki kwa kidole. Baada ya brashi na dakika kumi ikatoka. Ananiambia kwamba mkononi lilikuwa teke kweli, na kwamba shabaha ilikuwa mbaya kuliko ya bastola yake ya kawaida, kama alivyobashiri mzee wa Michenzani. Kipimo cha chemba kimefika, na nimekichora kwenye daftari la dukani baina ya ukurasa wa Omega na wa Seiko.